Rola Itangulie

Hakuna mtu anayejua kuchagua kitu cha chuma kunishinda mimi. Nimechagua sufuria, nimechagua jembe, nimechagua hata kitasa cha mlango wa mbele. Sufuria ilivuja wiki ya kwanza, jembe lilichomoka mpini siku ya pili, na kile kitasa mpaka leo tunakifungua kwa kijiko. Lakini rola, lile pipa zito la kusawazishia uwanja, niliichagua sawasawa. Ningeikosea hiyo, nisingekuwa na moyo wa kuandika chochote.

Haja ya rola ililetwa na mjukuu wangu. Ana miaka tisa. Marehemu babu yake alikuwa akimwita mchumba, kwa hiyo mimi namwita mke mwenzangu, na tunagombana vizuri tu. Alianguka akavunjika nyonga, na hospitali wakasema atarudi Jumamosi kwa kiti cha magurudumu, tena atakikalia miezi mingi. Sasa nyumba yetu iko chini na geti liko juu, barabarani. Njia ya miguu inapita kando ya ukuta, nayo ni ngazi za mawe kumi na nne. Kiti hakishuki ngazi. Ilibaki kukipitisha katikati ya uwanja, kwenye nyasi, na uwanja wenyewe una mashimo na vichuguu kama godoro la wageni.

Hapo katikati palikuwa na shimo. Waliotuuzia nyumba walilichimba la kukusanyia maji ya mvua, kina cha watu wawili, na mfuniko wake wa zege ulishapasuka. Mume wangu kabla hajafa aliomba jambo moja tu: shimo lijazwe, kuna mtoto. Mkwe wangu ni dereva wa lori la mawe, akasema hiyo kazi ni yake. Miaka minne iliyopita, mimi na binti yangu tulipokwenda kumuuguza dada yangu, akaifanya. Tuliporudi tulikuta nyasi mbichi zimepandwa. Mawe tripu tatu, alisema. Tayari, mama.

Mkwe huyu namwita Tayari. Si tusi. Ukimwuliza bomba linalovuja, tayari. Bati la jikoni, tayari. Chumvi imekwisha, tayari, na chumvi bado iko dukani. Ni mtu mwema, halewi, hana mkono mwepesi, na anamchekesha mwanawe mpaka mtoto anaomba msamaha. Kasoro yake ni moja: ulimi wake humaliza kazi kabla mikono haijaamka.

Jumatatu tulikwenda naye duka la vifaa. Muuzaji, mtu mfupi mwenye penseli sikioni, alituonyesha rola tatu. Moja ya plastiki, nyepesi kama ahadi. Moja ya zege tupu, ambayo wanaume wawili wangeisogeza huku wanatukanana. Na moja ya chuma, pipa lenye mpini mrefu, ina tundu na kizibo ubavuni; unaijaza maji kadiri unavyotaka uzito. Tayari alikwisha shika ile ya plastiki.

Muuzaji akaanza kutufundisha. Rola haiui kichuguu, alisema, inakilaza tu. Kwanza jaza udongo kwenye mabonde, lowesha kidogo, ndipo usukume, na maji ndani ya rola yasizidi nusu. Kwenye mteremko usishuke nayo moja kwa moja, ikate kwa upande, na ukisimama weka tofali mbele yake, maana rola iliyojaa haijui kungoja. Kisha akachomoa penseli, akauliza, kama anayeuliza saa, kama chini ya nyasi zetu kuna bomba, tangi au shimo.

"Hakuna," alisema Tayari. "Lilikuwepo, nikalijaza mawe. Tripu tatu."

Hakuna aliyemwuliza tripu ngapi. Muuzaji alimtazama, akarudisha penseli sikioni. Mimi nikacheka moyoni nikidhani ni uvivu: msukumaji ni yeye, lazima apende nyepesi. Nikaichagua ya chuma ili kumkomoa. Njiani aliniambia mara mbili kwamba ya plastiki ingetosha, na mara ya tatu akasema hata rola yenyewe ya nini, mwanawe atambeba mgongoni. Nikamwuliza akiwa safarini na lori, tumbebe nani, mimi?

Jumanne tulijaza udongo mabondeni. Ndipo nilipoona nyasi. Uwanja mzima ulikuwa wa kijani, isipokuwa pale katikati: nyasi zilikuwa za manjano, na manjano yenyewe yamekaa pembe nne, kama mlango uliolazwa. Nyasi hunyauka pembe nne wapi? Jumatano nikamwagia maji kwa mpira. Kwingine maji yalituama kidogo, yakazama polepole kama kawaida. Pale yalikwenda mara moja, kama yameitwa.

Alhamisi Tayari alisukuma rola ikiwa tupu, na mimi nilikaa barazani na kikombe changu, macho yangu chini ili anione sitazami. Alikwenda vizuri, kwa upande, kama tulivyofundishwa. Lakini kila alipokaribia manjano, mikono yake ilikata kona. Mara ya kwanza nikasema amechoka. Mara ya tano chai yangu ikapoa mkononi. Mtu hukwepa hivyo kitu anachokijua, hata gizani.

Alipokwenda kazini, nikachukua fimbo yangu nikapita uwanjani nikigonga. Du. Du. Du. Nilipofika pembeni mwa yale manjano nikanyoosha mkono, nikagonga mara moja. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kubisha hodi nyumba ya watu, na kwa kweli nilihisi kuna mtu chini anajiandaa kuitika. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua, uso ukitazama kulekule. Miaka minne tumepita kando kwenye ngazi zetu za mawe, tunamsifu.

Usiku ule mezani nilimfungulia mlango atoke kwa heshima. Nikasema kosa likisemwa mapema hupata msamaha, likichelewa hupata mazishi. Binti yangu, ambaye kazi yake ni kushona na sikio lake huwa kwenye cherehani, alidhani nazungumzia jirani. Tayari aliinamia sahani. Nikamwuliza tu, pale katikati pako imara? Akasema pako imara, mama. Tayari.

Ijumaa jioni alisema amemaliza. Binti yangu alikuwa ametoka hospitali na kile kiti, kimetangulizwa kabla ya mtoto. Kilikuwa kidogo. Sikutegemea kiwe kidogo vile. Akasimama nacho juu getini, akasema anataka kujaribu kukishusha, kesho asije akatetemeka.

Tayari akasema nyasi bado zimelowa.

Binti yangu akasema zimekauka, akashika mipini.

"Ngoja, mwanangu," nikamwambia. "Rola itangulie."

Ilikuwa pale pale getini, tofali mbele yake. Asubuhi aliiacha hapo akaenda kazini, nami wakati hakuna mtu nilikuwa nimeijaza maji kwa mpira mpaka yakamwagika kwenye tundu, nikafunga kizibo. Nusu, alisema muuzaji. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, nusu hatukuifika.

Nikamgeukia mkwe wangu. Nikamwuliza kwa upole, kama amepita pale katikati na rola imejaa.

"Nimepita, mama. Mara tatu. Imejaa mpaka juu."

Nyasi za manjano zilikuwa zimesimama wima, kila unyasi na kivuli chake. Nilitazama chini mpaka barazani: hapakuwa na mtu, paka amelala dirishani. Kama mawe yapo, nilijiambia, tutapoteza nguzo ya baraza. Nilikuwa radhi kupoteza nguzo. Nikasogeza tofali kwa mguu.

Rola ilianza taratibu, kama mzee anayetafuta viatu. Kisha ikakumbuka uzito wake. Tayari aliruka kuushika mpini, akaukosa, akasimama ghafla hatua mbili kabla ya manjano, miguu pamoja, kama aliyefika ukingoni. Rola haikusimama. Ilipanda pale, uwanja ukatoa mlio wa bati lililooza, na ardhi ikafumbuka bila haraka yoyote. Mpini ulibaki juu kidogo, ukasimama wima, kisha nao ukaingia.

Kisha tukasikia maji.

Binti yangu hakupiga kelele. Alikivuta kiti nyuma mpaka magurudumu yakagusa geti, akakishikilia kama mtoto yumo. Alimtazama mumewe aliyesimama ukingoni na mikono bado imenyooshwa.

"Baba mtoto," alisema. "Zile tripu tatu ulimwaga wapi?"

Midomo ya mkwe wangu ilifunguka, na nikaliona lile neno lake limefika ulimini, limezoea kutoka. Safari hii lilikaa hapo hapo.