Kompyuta Iliyofundwa Lushoto

Kabla ya kuwa cha kompyuta, chumba kile kilikuwa cha mbegu za viazi. Kiko nyuma ya ofisi ya usharika, Lushoto mjini, na hata baada ya Glory kusugua sakafu na kuta mpaka viganja vikamchubuka, asubuhi za mvua kilikuwa bado kinanuka udongo. Glory hakujali. Alikiomba mwenyewe kwa baraza la wazee, akapewa, akapanga humo kompyuta tano zilizoletwa na usharika rafiki wa Ujerumani, na mlangoni akaning'iniza kibao alichokiandika kwa rangi nyekundu: MAFUNZO YA KOMPYUTA KWA WOTE.

Neno hilo "wote" ndilo lililomponza.

Maana wote hawakuja. Walikuja vijana waliotoka kidato cha nne, wakaelewana na mashine. Akina mama wa kabichi na karoti walikuja siku ya kwanza, wakaja ya pili, kisha wakaadimika. Kila kitu kwenye kioo kilikuwa Kiingereza, isipokuwa kompyuta mbili zilizokuwa bado na Kijerumani chao, ambazo ndizo zilizokuwa mbaya zaidi. Ikabidi Glory awafundishe kwa kukariri: bonyeza neno la kwanza juu, teremka mpaka la nne, hapo hapo. Wakabonyeza wasichokijua, na Glory akajiona anafundisha kasuku. Siku moja kompyuta ya Mama Hadija ilikwama ikatoa onyo. Mama Hadija akaomba kusomewa, Glory akamtafsiria kwamba mashine inasema limefanyika tendo lisilo halali. Mama wa watu akajifunga kanga yake vizuri, akauliza kwa sauti ya chini kama polisi wanakuja leo au kesho. Hakuonekana tena.

Na miaka ile haikuwa ya kukaa na chumba kisicho na watu. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila upenu umegeuka duka, na Salimu wa Soni, ambaye pua yake ilijua kunusa chumba kitupu toka mbali, alikuwa keshaomba apangishwe auze mbolea na dawa za mboga. Mzee Kristofa, mwenyekiti wa baraza la wazee, alimwita Glory baada ya ibada. Mzee huyu alikuwa mnyapara mstaafu wa shamba la chai, na mpaka leo akipita barabarani watu hunyoosha migongo bila kujua kwa nini.

"Mwanangu," alisema, "kibao chako kinasema wote. Mimi naona vijana sita na Kiingereza chao. Jumamosi ya baraza tutakuja kuangalia. Kama ni cha wote kitabaki. Kama ni cha wachache, basi Salimu auze mbolea. Mbolea angalau ni ya kila mtu."

Glory alikasirika mpaka masikio yakamwaka, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mzee alikuwa amesema kweli.

Wiki hiyo hiyo ndipo lilipofika furushi la Yassir. Yassir ni mtu wa Zirai, walisoma pamoja Dar es Salaam, na yeye akabaki huko huko katika kikundi cha vijana waliokuwa wakitengeneza mfumo wa kompyuta wa Kiswahili, Kiswahili kitupu, toka mashine inapowaka mpaka inapozimwa. Ndani ya furushi mlikuwa na CD moja iliyofungwa kwenye gazeti. Glory alipompigia simu, Yassir alimwonya.

"Ni toleo la majaribio, usije ukategemea makubwa. Halijaiva. Weka, watu walitumie, halafu waandike wenyewe walichokiona mara ya kwanza. Sifa sitaki. Niambie linakera wapi."

Glory akaliweka kwenye kompyuta moja, akaingiza jina lake, akangoja. Kioo kikawa cheusi, kikawa cha buluu, halafu yakatokea maneno: *Mambo, Glory! Tuanze kazi?*

Akacheka peke yake. Akateremsha macho: *Faili. Hariri. Ingiza. Zana. Msaada.* Akafungua hiki, akafunga kile. Kasoro zilikuwepo, tena nyingi. Saa ilikuwa inasoma saa za kizungu, maneno mengine yalikuwa marefu mpaka yamekatwa mkia, na kila alipojaribu kuchapa, mashine ilizubaa kama ng'ombe aliyeona mto. Lakini ilipokwama haikumtisha mtu na sheria. Ilisema: *Samahani, nimeshindwa. Tujaribu tena?* Glory akakaa akiitazama sentensi ile. Alikuwa amesomea vitu hivi kwa miaka, akavifundisha kwa miaka, na siku zote alikuwa mgeni ndani yake, anabisha hodi kwa lugha ya wenye nyumba. Leo alikuwa kwao. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Alikwenda mwenyewe kuwafuata akina mama, mpaka kwa Mama Hadija, na baada ya kuapa kwamba polisi hawahusiki, wakaja. Aliwasha mashine, akawapisha. Mama Lightness, muuza karoti, akasoma neno moja baada ya jingine kwa sauti, kisha akageuka na kuuliza, "Kumbe ndiyo ilikuwa inasema haya siku zote?" Mashine ilipokwama na kuomba radhi, chumba kizima kililipuka. Mume wake, alisema Mama Lightness, hajawahi.

Kwa hiyo Jumamosi ilipofika Glory alikuwa na kifua mbele. Wazee waliingia wamevaa makoti, Mzee Kristofa mbele na fimbo yake, na Salimu nyuma kabisa, anapima ukuta kwa macho. Glory alikuwa ameshamwandalia mzee nafasi yake ndani ya mashine, akaandika jina lake, ili akikaa tu mambo yaanze. Mzee akakaa. Akina mama wakasogea. Glory akabonyeza.

*Mambo, Kristofa! Tuanze kazi?*

Mjini Lushoto, mtu mwenye wajukuu kumi na kitu, aliyesimamia ubatizo wa nusu ya watoto wa mtaa, ameitwa jina lake kavu, na kusalimiwa mambo, na kitu kilichofika juzi kwa basi. Mama Lightness alijiziba mdomo. Glory alitamani sakafu ipasuke. Alikuwa ameitumia mashine ile wiki nzima, na siku zote kwa jina lake mwenyewe, naye kwa umri wake kuambiwa mambo ni kitu cha kila siku. Hata akina mama walikuwa wakiingilia kwenye jina lake. Haikumpitia akilini kabisa.

Mzee Kristofa aliinuka polepole.

"Huyu ni mtoto wa nani?" aliuliza.

"Wa Dar es Salaam, mzee," Glory alijibu.

"Naona. Akishafundishwa kusalimia, niiteni. Baraza linakaa tena mwezi ujao. Msichelewe, Salimu naye anasubiri."

Akatoka, na wazee wakamfuata mmoja mmoja bila kutazama nyuma. Salimu peke yake ndiye aliyeaga kwa heshima zote.

Glory alimpigia Yassir akiwa bado na hasira, tena hasira zenyewe hazijui ziende kwa nani. Kwanza zilikuwa kwa mzee na makuu yake. Lakini alipoanza kueleza, alijisikia anamtetea. Glory mwenyewe ni mtoto wa Shume, huko juu milimani. Alilelewa na bibi ambaye ungeweza kumwambia nyumba inaungua, akakutazama tu mpaka useme shikamoo kwanza. Alipokuwa akiteremka kwenda shule alikuwa anaimwaga shikamoo njia nzima, kwa wakata mbao, kwa wachuma mboga, kwa mlevi aliyelala kandokando ya barabara, kwa sababu hata mlevi ni mkubwa wako.

"Tulilijadili hilo," Yassir alisema. "Mashine haijui umri wa mtu, Glory. Tukiweka shikamoo, itamwamkia mtoto wa darasa la tatu. Si kichekesho hicho? Tukasema bora mambo, inafaa kwa vijana, na wengi watakuwa vijana."

"Yassir, mashine yako ina umri gani?"

"Vipi?"

"Nakuuliza umri. Si umesema mwenyewe haijaiva? Haijamaliza hata kuzaliwa! Huyo mtoto wa darasa la tatu ni mkubwa wake. Sisi sote ni wakubwa wake. Inamwamkia kila mtu, na hakuna aibu. Na jina je? Nani kakwambia mtu ana jina moja tupu? Muulize mtu anaitwaje. Atakwambia Mama fulani, Baba fulani, Mzee fulani. Mwite hivyo hivyo."

Yassir akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Nyie watu wa milimani! Wenzangu watabisha."

"Wabishe. Waambie waje huku wamwambie Mzee Kristofa mambo, mimi nitawashikia makoti."

Walibisha kweli. Yassir alipiga simu mara nyingi akileta pingamizi za wenzake, na Glory akizirudisha kama mpishi anavyorudisha unga wenye mchanga. Mwezi ukasogea. Salimu akaleta fundi kupima mlango. Akina mama nao hawakukatika, walikuja wakakaa kwenye toleo lile lile la kwanza, wakachapa majina ya watoto wao na ya mboga zao, na jioni moja Mama Hadija akamwuliza Glory kama chumba kitafungwa. Glory akasema hapana, kwa sauti ambayo hakuiamini hata mwenyewe.

CD ya pili ilifika siku moja kabla ya baraza.

Safari hii hakuandaa jina la mtu. Wazee walipokusanyika aliiwasha tu mashine, akamvutia Mzee Kristofa kiti, akarudi ukutani. Kioo kikauliza: *Tukuiteje?*

Mzee aliitazama ile kibodi ya Kijerumani, iliyobandikwa vikaratasi pale herufi zilipokaa kwingine. Akaanza kuchapa kwa kidole kimoja, kila herufi akiitafuta na kuikandamiza kana kwamba itakimbia. *Mzee Kristofa.* Kioo kikatulia kidogo.

*Shikamoo, Mzee Kristofa.*

Chini yake palikuwa na kitufe kimoja tu, kimeandikwa *Marahaba*.

Uso wa mzee haukubadilika. Alisafisha koo, akakaza mgongo.

"Marahaba," alisema, kwa sauti ya mtu anayeitikia kutoka upande wa pili wa shamba.

Mashine ikangoja.

"Ubonyeze hapo, mzee," Glory akanong'ona.

"Si nimeshaitika?"

"Haijaanza kusikia, mzee. Bado mdogo."

Jibu hilo lilimridhisha. Akabonyeza, na mashine ikamfungukia. Glory alidhani sasa atageuka, aseme neno kwa wazee, mambo yaishe. Hakugeuka. Aliinama mbele, akaanza kusoma kwa sauti, kama anasoma somo kanisani: "Faili. Hariri. Ingiza. Zana. Msaada." Akafika mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena. Aliposema, alisema akiwa bado anatazama kioo.

"Miaka yote ya chai, maagizo ya kazi yalikuja kwa Kiingereza. Mimi mnyapara, watu mia nyuma yangu, nasimama dirishani kwa karani, kofia mkononi, kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza ananisomea nikafanye nini. Akitaka ananisomea, akitaka ananiambia nirudi baada ya chai. Nilipowaona mmeleta hizi, nikasema basi, lile dirisha limekuja mpaka kanisani." Akagusa ukingo wa kioo. "Hapa sijasomewa na mtu."

Mama Hadija ndiye aliyeanza kupiga makofi, na wengine wakadakia. Glory hakupiga. Alisimama ukutani, kichwa juu, na alikuwa na fahari kiasi kwamba kifua kilimuuma. Kitu kile kilitengenezwa na watu wenye digrii zao, penye umeme usiokatika, lakini kilipokosa adabu kililetwa hapa.

Mzee mwingine akaomba naye ajaribu. Mzee Kristofa akamwambia angoje, mtu hainuliwi mezani kabla hajanawa.

"Yule kijana wa Dar si anataka watu waandike walichokiona?" alimwuliza Glory.

"Ndiyo, mzee."

"Nionyeshe pa kuandikia."

Akamwonyesha. Mzee akaanza, kidole kimoja, na watu wote wakangoja wamesimama, Salimu pia, aliyekuwa amekuja na futi yake ya kupimia mfukoni. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza aliegemea kiti, na Glory akainama juu ya bega lake akasoma.

*Mtoto wenu amefika salama. Anasalimia vizuri. Chumba tumempa.*