Uzito wa Arcesio

Funza walipofika kwenye kizingiti cha bucha ya Don Evelio, nikajua jirani yangu Ofir kapatikana. Mwenye bucha akiona funza mlangoni kwake hana masikio tena. Alisimama katikati ya ngazi zetu, nusu ya mtaa wetu wa Manrique ikimsikia, akatangaza kwamba Jumamosi ijayo analibomoa boksi la mboji la Ofir na bustani yote anaimwagia zege.

"Zege, Don Evelio?" nikamwuliza kutoka dirishani. "Utaotesha nini humo, soseji?"

"Wewe Rosmira funga mdomo, nzi wataingia!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimekasirika kweli. Kile kipande cha ardhi kilikuwa jalala kabla Ofir na mumewe, Arcesio, hawajakisafisha kwa mikono yao. Sasa kina vitunguu vya majani na giligilani ya mtaa mzima. Tangu tumzike Arcesio, Ofir hatoki ndani ila kwenda kulisha lile boksi. Binti yake anayeishi mji wa Pereira keshamwambia ahamie kwake. Likiondoka boksi, Ofir naye ataondoka, na mimi nitabaki kunywa kahawa na paka.

Basi tukapambana na wadudu. Tulitega siki kwenye chupa. Wakafa visubi wachache, na wenzao wakaja matangani. Tukanyunyiza majivu. Tukafukia maganda ya ndizi chini kabisa. Evelio alileta kopo la dawa, Ofir akamrudishia, akisema itaua mpaka minyoo yake. Bado kila asubuhi nikifunua turubai nzi walinipanda usoni, na chini yao funza walikuwa wanafurukuta kama wali unaochemka.

"Mbona zamani hawakuwepo?" nikamwuliza Ofir. "Maganda ni yale yale, majani ni yale yale."

Alipanda ndani ya boksi akaanza kukanyaga, maana ndivyo tunavyofanya huku kwetu. Boksi ni mbao nne tu, halina kitako. Unaweka majani makavu, maganda, majani tena, halafu unapanda juu na kukanyaga mpaka vishikane viwe kitu kimoja, nzi akose pa kutagia. Nikamtazama. Alikuwa amekonda, ungedhani ni sketi tu ndiyo inayokanyaga. Kila alipoinua mguu majani yalifumuka, na nzi wakaingia kwenye nafasi zile wanavyotaka.

Hapo akili ikanijia. Arcesio alikuwa mwoka mikate, mtu wa kujaza mlango. Kila Jumamosi alipanda mle ndani, redio ikipiga, akacheza na mkewe mpaka mbao zikalia.

"Shoga," nikasema, "sisi hatuna shida ya nzi. Tuna upungufu wa uzito."

Akaacha kukanyaga. "Najua," akasema. "Nimejua tangu wiki ya kwanza. Ningemwomba nani, Rosmira? Nigonge milango ya watu niseme naomba mnene?"

Nikacheka, naye akacheka, kisha akalia, na mimi nikalia naye. Nyonga yangu mbovu hainiruhusu kupanda hata kiti, ningemsaidia nini?

Jumamosi Evelio akaja na sururu, na ule mwili wake ambao watoto wanauita Friji. Nikamwona akiziba njia ya bustani, na hasira zangu zote zikaniisha.

"Don Evelio! Weka sururu chini, upande humu."

"Nipande wapi? Kwenye uozo?"

"Kanyaga. Nyama yote uliyokula ilikuwa inasubiri siku ya leo."

"Mwanamke huyu hana adabu!"

"Sina. Nzi wasipopungua wiki hii, zege nitakuchanganyia mimi mwenyewe."

Hilo lilimpendeza. Akapanda na viatu vyake vya dukani. Majani yakazama, maji meusi yakatoka chini ya mbao, akapiga ukelele kwamba funza amemwingia kwenye soksi. Watu wakatoka kwenye roshani kuangalia, na mmoja akaongeza sauti ya redio. Evelio alikuwa anaruka pale pale katikati, uso umemwiva.

"Siyo katikati," Ofir akasema. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ile ya kumgombeza mumewe. "Anza pembeni. Tumia kisigino. Maliza kona zote, ndiyo uje katikati."

"Sawa, mama, sawa," Evelio akasema akihema, akaanza pembeni.

Nzi walipungua siku hadi siku, na kizingiti cha bucha kikabaki kisafi. Nilidhani Evelio ataona kazi yake imekwisha. Lakini Jumamosi iliyofuata akaja tena, bila sururu, amevaa kandambili, akijifanya anapita tu.

Ofir alipomwona akaingia ndani, akakaa huko kitambo. Akatoka na buti za mpira za Arcesio, ambazo zilikuwa nyuma ya mlango tangu msiba. Akazikung'uta vumbi, akaziweka mbele ya Evelio.

Evelio akazivaa, akakunja uso. "Zinanibana, mama."

"Zitaachia," Ofir akasema, akimpa mkono apande. "Hata yeye zilimbana mwanzoni."