Mtoto Mchanga wa Mwaka 1587

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimeitwa kutoa ushahidi kwenye mkutano wa watu mashuhuri waliozaliwa mwishoni mwa karne ya kumi na sita. Barua yenyewe iliandikwa juu ya mfuko wa unga, na jina langu, Barke, lilikosewa kidogo, kama kawaida ya barua za kuitwa.

Nikawakuta katika ukumbi wa shule yangu ya msingi. Kwa kuwa orodha ilikuwa ya kuzaliwa, wote walikuwa watoto wachanga. Mfalme mmoja alikuwa amelowa. Mnajimu, mwenye ndevu hadi kitovuni, alikuwa akimweleza mlezi habari za sayari huku akipigwapigwa mgongoni acheue. Amiri jeshi alikuwa analia kwa sababu jua lilimpiga machoni. Mimi sikushangaa hata kidogo. Nilichojiuliza ni nani atakayefua nepi zote zile.

Karani wa mkutano alikuwa mbuzi ya kukunia nazi, ile ya Bibi Sauda, yenye kigoda kilichopasuka na ulimi wa chuma uliokwisha makali. Niliitambua mara moja na moyo ukaniuma. Bibi Sauda ndiye aliyenilea, na leo ndiyo arubaini yake.

"Umechelewa," mbuzi ikasema. "Mara ya mwisho umenikalia lini?"

"Zamani kidogo."

"Tui unapata wapi?"

"La paketi," nikajibu, macho chini.

Ikaandika. Kisha ikanipeleka mpaka mkeka wa mwisho kabisa, alikolala mtoto wa kike wa siku moja, uso umekunjamana.

"Mwana Zaina wa Siyu," mbuzi ikasoma. "Amezaliwa mwaka 1587. Inadaiwa ndiye mwanzo wa mahamri ya nyumba yenu."

"Shikamoo, Mwana Zaina," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, kisha akacheua.

Mbuzi ikanieleza utaratibu. Kila mashuhuri aje na mtu aliye hai anayeijua kazi yake. Mnajimu alikuwa na mashahidi elfu tisa, wamejipanga mpaka barabarani. Mwana Zaina alikuwa na mmoja tu, na huyo ni mimi. Nikishindwa, atafutwa adhuhuri, na mahamri yake yatafutwa pamoja naye, kuanzia leo kurudi nyuma.

"Kurudi nyuma mpaka wapi?"

"Kote. Hata yale ya bibi yako."

Hapo ndipo nilipoogopa. Wiki hii nimejaribu mara tatu kupika mahamri ya arubaini, yawe kama ya Bibi, na mara tatu yametoka mazito hivi kwamba paka wa jirani ameyanusa akaenda zake.

"Haya, sema yanavyopikwa," mbuzi ikaniambia.

"Unga, sukari, tui zito, iliki, hamira."

"Hayo hata kwenye mfuko yameandikwa. Bibi yako alifanya nini zaidi?"

Mwana Zaina alikuwa ananitazama bila kupepesa.

"Sijui," nikasema. "Sikumwuliza. Alikuwa akikanda mimi nimelala, nikiamka nakuta yameshaiva. Nilidhani atakuwepo siku zote." Nikaanza kulia, na watoto wa mikeka ya jirani, wafalme kwa wanafalsafa, wakalia pia.

Mbuzi ikaandika polepole, ikitamka kila neno: "Shahidi, alikuwa, amelala."

"Amelala wapi?" Mwana Zaina akauliza.

"Hilo halina uzito hapa."

"Mwache ajibu. Ulikuwa unalala wapi, mwanangu?"

Nafungua mdomo nijibu, na ukumbi haupo tena. Niko kitandani kwa Bibi, chini ya chandarua, nina miaka minne. Ni msimu wa baridi na mvua inapiga mabati. Chandarua kinainuliwa, na mkono wenye harufu ya iliki unaingia na bakuli lililofungwa kwa kanga kuukuu. Unaliweka tumboni kwangu.

"Sogea kidogo, mama," Bibi anasema. "Likumbatie, usilipige teke."

Nalikumbatia. Ndani yake kitu kinapanda polepole, kinasukuma kanga, kinanisukuma na mimi. Nilikuwa nimeshasahau. Au tuseme nilikumbuka vibaya, kwani miaka yote hii nilidhani ni namna yake ya kunibembeleza.

Kitanda kinarefuka. Kando yangu amelala msichana mwenye pua ya Bibi, naye amekumbatia bakuli. Baada yake yuko mwingine, na mwingine, wote wana usingizi mzito, mpaka kitanda kinafika Siyu. Mwishoni kabisa yuko Mwana Zaina, ameegemezwa kwenye bakuli la udongo linalomshinda ukubwa.

"Kupika alipika mama," ananiambia. "Mimi nilikuwa na joto tu."

Mbuzi inaandika kwa muda mrefu. "Inatosha," inasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake inalainika. "Abaki. Ni mashuhuri."

Mwana Zaina ananyoosha mkono kunishika, na hapo nikaamka.

Ninalala peke yangu, na nyumba hii haijawahi kuwa na mtoto mchanga. Lakini kwenye gauni langu la kulalia, mahali pa tumbo, palikuwa na alama ya unga: kiganja kizima chenye vidole vitano, kinachoenea ndani ya kijiko cha pilau.

Sikuipangusa. Nilikwenda jikoni nikakanda, nikalifunga bakuli kwa kanga, nikarudi nalo kitandani nikalikumbatia. Nililia mpaka lilipoanza kunisukuma.