Pindo la Kukulia

Jumatano saa nane mchana, Mama Kukulia aliondoa sahani mezani, akapangusa meza mara mbili, akaitandaza karatasi ya kukatia koti. Ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na ilikwisha kukunjwa na kukunjuliwa na wanawake wengi kabla yake, kwa kuwa kiwanda kilitoa karatasi moja tu kwa mtaa mzima. Juu ya kila kipande, mgongo, kifua, mkono na kola, palichorwa mistari saba, mmoja ndani ya mwingine. Wa saba ulikuwa wa nje kabisa, wa watu wakubwa. Wa kwanza ulikuwa wa ndani kabisa, na ndani yake hapakuwa na kitu ila karatasi.

Aliikandamiza kwa vijiko vinne na chupa ya mafuta ya cherehani, akatia kidole kwenye mstari wa nne. Huo ndio uliokuwa wa binti yake siku hiyo.

Miezi kumi na sita nyuma, alipoajiriwa kwenye ghala la barafu la kiwanda, binti alikuwa wa sita, mrefu wa kubadilisha taa bila kupanda kiti. Lakini baridi ya mle ndani hupunguza watu, na mtaani jambo hilo lilijulikana kama inavyojulikana kwamba sabuni huisha. Jumapili, siku ya mapumziko, mtu alirudisha nusu kidole cha kimo. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi ghala lilichukua nusu hiyo, pamoja na chembe nyingine juu yake. Sasa kiwanda kilikuwa kimefungua chumba cha ndani, chenye baridi kuliko vyote, na tangazo lilisema kwamba kuanzia Ijumaa kila mfanyakazi aje na koti lake zito lenye bitana. Karatasi ya kukatia ilitolewa bure. Msimamizi alilitamka neno hilo, bure, mara tatu.

Mama Kukulia hakubatizwa jina hilo kanisani wala hakulipata kwa mtoto. Alilipata kwa mkasi. Tangu aanze kushona hajapata kukata nguo ya saizi ya mwenyewe. Daima aliacha nafasi na pindo pana la kukunjia ndani, mtoto akue aikute nguo inamngoja. Watu walisema sare yake ya darasa la kwanza mtu aliweza kuolewa nayo. Kuna bwana harusi mmoja aliyevaa suti yake, na wageni wakauliza amekuja na nani humo ndani. Yeye alicheka nao, akaendelea kuacha vidole vinne kila upande. Aliyemlea binti peke yake hajui kushona kwingine.

Basi akakata mstari wa nne, akaongeza vidole vinne.

Alishona siku mbili. Nje aliweka kitambaa kizito cha kijivu, katikati blanketi la sufu alilolikata bila huruma, ndani bitana ya satini nyekundu iliyokuwa pazia la sebuleni. Alizishona nje na ndani uso kwa uso, akaacha tundu la kupitisha mkono upande wa chini, kisha akalivuta koti zima litoke kwenye tundu hilo, mikono, kola na yote. Hatua hiyo humtia fundi wasiwasi kila mara, kwa sababu kwa muda kidogo nguo yote inakuwa fundo moja lisilo na sura.

Alhamisi jioni binti alirudi, akavua viatu vyake vilivyojazwa magazeti, akalijaribu. Mikono ilimfunika hadi kwenye kucha.

"Mama, humu tunaingia wawili."

"Utakua."

"Nina miaka ishirini na minne."

"Hata hivyo. Kunja mikono."

Binti aliikunja. Kuacha kazi lilikuwa neno lililokwisha kusemwa na kuzikwa. Vyeti vyake vyote vya shule, vile halisi vyenye muhuri, vilikuwa kwenye droo ya kiwanda hadi mkataba wa miaka miwili uishe, na bila vyeti hivyo chuo cha uuguzi kisingemfungulia hata lango. Ilikuwa imebaki miezi minane. Mama Kukulia alikuwa amepiga hesabu zake: kwa mwendo wa zamani, binti angetoka akiwa wa tatu na kitu. Mtu wa tatu na kitu bado anaweza kumwinua mgonjwa.

Alichokiogopa alikiona kila siku mlangoni kwa jirani yake wa ukuta mmoja. Mume wa jirani, mpanga makasha, alivuka mstari wa kwanza majira ya baridi yaliyopita. Kwa wiki tatu mkewe alimpeleka kazini ndani ya mkoba, akampokea jioni langoni. Siku moja alifika nyumbani, akafungua mkoba, akakuta kitambulisho cha kazi cha mumewe peke yake. Kiwanda kilimwandika kuwa mtoro. Tangu siku hiyo jirani haifungi zipu ya mkoba ule, hata mvua ikinyesha.

Ijumaa binti aliingia chumba cha ndani na koti lake jipya. Alirudi akiwa mstari wa tatu. Jumamosi alirudi akiwa wa pili, na kondakta wa basi la kiwanda ndiye aliyemshusha, kwa kuwa ngazi ilikuwa juu.

Mama Kukulia alimkalisha karibu na jiko, akalichukua koti na kuligeuza ndani nje. Mishono ilikuwa mizima, haikuachia hata uzi mmoja. Ndipo alipokunjua pindo la mkono, lile pana, la vidole vinne. Barafu nyeupe ilimwagika sakafuni kama chumvi. Alikunjua la mkono wa pili, na la chini, na mikunjo ya ubavuni. Kila alipoacha nafasi ya binti kukulia, baridi ilikuwa imeingia ikakaa, ikapata joto la mtu la kula siku nzima.

"Ni mimi," alisema.

"Si wewe, ni chumba," binti alijibu. Sauti yake haikupungua, ilikuwa ile ile ya mwanamke mzima.

"Mistari miwili ndani ya siku mbili. Ningekata sawasawa, ungekuwa wa nne bado."

Binti hakubisha tena. Alikuwa amechoka, na lililosemwa lilikuwa kweli.

Jumapili saa nne asubuhi msimamizi alibisha hodi. Alikuwa mtu mpole, mwenye daftari kubwa kwapani na viatu vilivyopigwa rangi vizuri.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alisema Mama Kukulia, kwa kuwa salamu haina kosa.

Hakutaka kukaa. Alimsimamisha binti kwenye mwimo wa mlango, akampima, akaandika. "Namba mbili. Vizuri sana. Namba mbili wanapita chini ya rafu bila kuinama. Tangu watu wafikie saizi hii hatujavunja kasha hata moja." Kisha akafunua ukurasa mwingine. "Ila kuna kipengele kwenye mkataba. Mwili nusu, siku nusu. Miezi minane iliyobaki inahesabiwa kumi na sita."

"Makasha ni yale yale," alisema binti. "Uzito wake haukupungua."

"Makasha ni yale yale, dada. Mwili ndio si ule ule."

"Na vyeti vyake?" Mama Kukulia aliuliza.

"Vipo salama, Mama, kwenye droo. Kule hakuna baridi." Alilipapasa koti lililolala mezani, akaisifu satini. "Heri nusu shari kuliko shari kamili, si ndivyo tunavyosema? Kesho mashine inashushwa digrii tano nyingine. Asisahau koti."

Alipotoka, Mama Kukulia alibaki ameshika ukingo wa meza. Digrii tano nyingine. Mstari wa pili, kisha wa kwanza, kisha karatasi tupu. Kwa mwendo wa Ijumaa na Jumamosi, Jumanne jioni hakuna mtu wa kushushwa kwenye basi. Alikuwa na mchana mmoja. Alichukua wembe, akaanza kufumua.

Binti alisimama juu ya meza ili apimwe, na ilikuwa rahisi kumzunguka. Vile vipimo vilikuwa vigeni kwenye futi lakini mikono ya mama iliwahi kuvijua; mabega hayo aliyashonea sare ya darasa la tatu. Kwa muda mfupi sana alifurahi kuwa nayo tena mikononi, akajichukia kwa furaha hiyo, akaendelea kutia pini.

Alikata mstari wa pili. Hakuongeza kidole hata kimoja. Kisha akaupunguza upana wa kila mshono hadi ukabaki kama uzi wa kiatu, akayakata mapindo yote. Mkasi ulipopita kwenye pindo la mkono wa kushoto aliumia, na machozi yakamtoka waziwazi. Kwa miaka thelathini alikuwa amemwambia kila mtoto wa mtaa, kwa kitambaa, kwamba ataongezeka. Sasa alikuwa akimwambia wake kwamba ni hapo hapo.

"Mama, usilie juu ya satini. Inashika doa."

"Najua. Niliifua miaka kumi ikiwa pazia."

"Basi geuka upande wa kijivu."

Aligeuka upande wa kijivu. Alizishona nje na ndani uso kwa uso, akaacha tundu. Tundu lenyewe lilikuwa dogo sasa, la vidole vitatu, na koti lilikataa kutoka. Alivuta mkono mmoja, ukaja hadi kiwikoni ukakwama. Jua lilikuwa limehama kutoka mezani hadi ukutani. Akivuta kwa nguvu satini itachanika, na pazia la pili hakuwa nalo. Binti alishuka kutoka mezani kupitia kiti, akaingiza mkono wake tunduni, mkono mdogo uliopita bila shida, akaikamata kola kwa ndani na kuileta polepole mpaka ikachungulia. Mama akaipokea. Koti lilizaliwa lote, jekundu likaingia ndani, kijivu kikaja nje.

Jumatatu alfajiri alilifunga lile tundu kwa sindano ya mkono, akapandisha zipu hadi kidevuni. Hapakuwa na mahali pa kuingiza hata kidole. Basi lilipiga honi, binti akaenda.

Siku hiyo Mama Kukulia hakushona kitu. Alifagia chumba kimoja mara tano. Jioni alisimama barabarani pamoja na jirani na mkoba wake uliofunguka, wakitazama kona. Basi lilikuja. Kondakta alimshusha binti, na kabla hata ya salamu mama akamwekea futi begani.

Mstari wa pili.

Jumanne wa pili. Jumatano wa pili. Hadi Jumamosi jioni binti hakupungua hata unywele, na Mama Kukulia aliimba akiosha vyombo, jambo ambalo majirani hawakuwa wamelisikia tangu siku za ujana wake. Jumapili binti alivua koti, akalala hadi adhuhuri, na kama kila Jumapili akarudisha nusu kidole. Walikipima kwenye mwimo wa mlango, wakachora alama kwa kalamu ya risasi. Kwa mara ya kwanza ilikuwa nusu kidole isiyodaiwa na mtu. Mama alihesabu kwa sauti: Jumapili nne ni vidole viwili, miezi kumi na sita ni vidole thelathini na zaidi. Binti angetoka kule na urefu wake wote, akabadilishe taa za chuo.

"Tumewapata," alisema Mama Kukulia, akacheka hadi akashika mbavu.

Jumatatu alfajiri zipu ilikwama chini ya kifua.

Alivuta tena. Alipaka mshumaa kwenye meno ya zipu. Alipapasa ubavuni akitafuta pindo la kulegeza, vidole vyake vikaenda vyenyewe mahali ambapo miaka yote kulikuwa na kitambaa kinachosubiri, vikakuta ukingo mkavu. Vipande vilivyokatwa vilikuwa kwenye kopo la vifungo, vyembamba, havifai hata kufungia mzigo. Honi ikalia mtaa wa juu.

"Vua. Nitafumua ubavu mmoja."

"Ukifumua naingia na tundu, Mama. Leo digrii zinashuka tena."

"Basi usiende."

"Na vyeti?"

Honi ililia tena, karibu zaidi.

"Funga tu, Mama," binti alisema. Alitoa pumzi yote kifuani, akainua kidevu, akamtazama mama machoni bila kupepesa.

Mama alishika zipu. Alijua anachokifanya, na alikifanya. Aliivuta taratibu hadi kidevuni, ikapanda bila kelele. Binti alipovuta pumzi tena, alama ya kalamu kwenye mwimo wa mlango ilikuwa juu ya kichwa chake kwa nusu kidole.

Walitoka. Mama alimwinua kwapani, akampandisha ngazi ya basi. Ndani watu walikaa wawili wawili hadi watatu kwenye kiti kimoja, makoti yao yamefungwa hadi shingoni, na msimamizi alikuwa akipitia daftari lake. Aliandika namba mbili kwa wino, akasema sasa saizi imetulia, wiki ijayo watampa na viatu. Binti alipunga mkono dirishani hadi kona.

Jirani alikuwa amesimama mlangoni kwake na mkoba wake. Waliamkiana, wakaulizana kama maji yanatoka. Kisha Mama Kukulia akaingia ndani kukunja karatasi ya kukatia, kwa sababu nyumba ya tatu walikuwa wakiisubiri tangu jana.