Ritifaa ya Dada

Winifred Entwistle alirudi kutoka hospitalini na fimbo mkononi, nyonga ikimwuma, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Bwana Ogden, mchora mabango, juu ya ngazi mbele ya duka la pai alilorithi pamoja na dada yake Edna. Bango la zamani, alilochora marehemu mama yao, lilikuwa limeshang'olewa. Jipya lilikuwa bado bichi: SISTER'S PIES, pai za dada.

Winifred alilisoma mara moja, akasogea hadi chini ya ngazi.

Nyie mnaoandika ng'ombe mnaijua ritifaa, kile kialama cha juu. Kwenu ni cha kutamkia tu. Huku Lancashire, Uingereza, ndicho kinachosema mali ni ya nani. Kikikaa kabla ya S, mwenye mali ni mmoja. Kikikaa baada ya S, wenyewe ni zaidi ya mmoja. Mama yao alikiweka baada ya S, kwa kuwa alizaa mabinti wawili na duka akawaachia wote wawili.

"Ogden! Nani kakwambia uiweke hapo?"

"Dada'ko Edna, Bi Winnie. Nikamuuliza, una hakika? Akasema, 'Dada mmoja. Chora.'"

Kumbe! Ndiyo maana hakuja hospitali hata kumletea chungwa. Wewe umelala kitandani unaugulia, mwenzio anakufuta dukani! Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Winifred kilikuwa kimevaa aproni. Akaingia ndani akiipangua foleni ya wanawake wenye vikapu. Walimsalimu, hakumwitikia hata mmoja.

Edna alikuwa nyuma ya kaunta, anakata pai ya viazi. Hakuinua kichwa.

"Umerudi."

"Nimerudi, mwizi wee!"

Foleni nzima ikageuza shingo. Hakuna aliyetoka, nani aache uhondo kama ule?

"Punguza sauti, Winnie. Watu wanataka pai zao."

"Waache wasikie! Nimevunjika nyonga, sijavunjika macho. Duka la dada, eti! Dada gani? Wewe, usiyejua hata kukanda unga? Mama alikuwa akisema mikono yako ni ya kuchimbia makaburi!"

Mwanamke mmoja akaguna. Edna akakiweka kisu chini.

"Mama alisema hivyo?"

"Alisema! Na akasema ndiyo maana hakuna mwanamume aliyekutaka!"

Uongo mtupu. Mama hakuwahi kutamka neno kama hilo. Winifred alilitunga palepale, kwa chuki tu, maana ulimi hauna mfupa. Alimwona dada yake akisawijika uso, na moyo wake ukaburudika. Akatoka nje.

"Ogden! Futa hiyo! Ipeleke nyuma ya S, la sivyo napanda mwenyewe na nyonga yangu hii hii!"

Ogden alifuta kwa kitambaa, akachovya brashi. Edna naye akatoka, anafungua kamba za aproni.

"Usijisumbue, Ogden. Irudishe kabla ya S."

"Thubutu!" Winifred akapiga fimbo chini. "Nusu ya duka hili ni yangu!"

"Ni lako lote." Edna alimtupia aproni kifuani. "Harold Kershaw ananioa Jumamosi, tunahamia Fleetwood. Nimekuvumilia mdomo wako huo mpaka nimechakaa. Anayebaki hapa ni dada mmoja, Winnie, naye ni wewe. Nilidhani hata mjinga angejua kuhesabu mpaka moja."

"Edna..."

"Harusini usije. Na hayo ya mama, nitakwenda nayo."

Akaondoka, hakukimbia wala hakugeuka. Winifred alimfuata hatua mbili na fimbo yake, akasimama. Wanawake walikuwa wamejazana mlangoni wakimtazama. Edna akapinda kona ya kanisa, akapotea.

"Bi Winnie," Ogden akaita kutoka juu, "rangi inanikaukia. Niiweke kabla au baada?"

"Mama hakusema vile," Winifred akamjibu.