Kiatu Juu ya Paa

Mjini Tokat, Uturuki, enzi za masultani, fundi aliyemuuzia mtu kiatu kibovu hakupigwa wala hakufungwa. Alimfidia mnunuzi, kisha kiatu chenyewe kikatupwa juu ya paa la duka lake, kikae huko kila apitaye sokoni akione. Maumivu ya viboko hupoa, lakini kiatu juu ya paa hakipoi. Wako waliohama mji kwa ajili ya kiatu kimoja tu.

Ndiyo maana Zulfiye, mke wa Fundi Vehbi, aliposikia kwamba mkunga Fidan amepeleka malalamiko kwenye chama cha mafundi viatu, alikaa chini palepale jikoni na unga mikononi.

Yeye alijua kilichotokea. Siri ya mtungi aijuaye kata. Macho ya Vehbi yalikuwa yamefifia huu mwaka wa pili, naye kwa ubishi wake alishikilia kwamba ni nyuzi za siku hizi ndizo mbovu. Kila adhuhuri alikuja na viatu nyumbani ili amalizie kushona soli penye utulivu. Akishatoka kwenda kuswali alasiri, Zulfiye alifunga mlango, akafumua mishono ya mumewe iliyopinda kama njia ya mbuzi, akaishona upya. Alikuwa binti wa mshona viatu, na msharasi wa kutobolea ngozi aliushika kabla ya kushika mwiko. Vehbi akirudi alikipapasa kiatu, akasema mkono huu bado haujazeeka, naye mkewe akaitikia kwamba hata yeye anaona hivyo. Alimpenda mno mzee yule mbishi, na uongo huo mdogo aliuhesabu miongoni mwa kazi za nyumbani, pamoja na kupika na kufua.

Lakini majira ya baridi yale homa ilimlaza Zulfiye siku tatu. Kiatu cha kulia cha Fidan alikuwa ameshakimaliza. Cha kushoto kilikwenda dukani na mishono ya Vehbi, na siku Fidan alipoitwa kijijini kuzalisha, kikafumuka katikati ya theluji. Alifika kwa mzazi akichechemea, kidole cha mguu kimekufa ganzi.

Baraza lilikaa siku ya Alhamisi mbele ya duka la Vehbi, maana kanuni ilisema kesi isikizwe pale mali ilipouzwa. Zulfiye alisimama nyuma ya wanawake wenzake, shela amejifunika hadi puani. Mkuu wa chama alikuwa Rasim, ambaye Vehbi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi na kumfunga mshipi wa ufundi. Asubuhi yote hakuthubutu kumtazama fundi wake usoni.

Fidan alianza kwa kusema kwamba hana ugomvi na mtu. "Fundi Vehbi amenivisha miaka ishirini, na mimi nimewapokea wanawe wote wawili kwa mikono hii. Lakini nikinyamaza leo, kesho atauziwa mwingine. Kazi yangu imenifunza jambo moja, baba zangu: mficha uchi hazai."

Rasim akavilaza viatu vyote viwili juu ya meza, soli juu. Kila fundi alikuwa na alama yake, ili mnunuzi ajue wa kumrudia, na vyote viwili vilikuwa na komamanga, alama ya Vehbi. Rasim alipitisha kidole kwenye mishono ya kushoto, kisha ya kulia, akarudia tena, na uso wake ukabadilika. Kiatu kibovu adhabu yake ni paa. Kuuza kazi ya mkono mwingine kwa alama yako ni ulaghai, na adhabu yake ni kuvuliwa mshipi na kufungiwa duka kabisa.

"Fundi wangu," akasema kwa sauti ndogo, "hivi havikushonwa na mtu mmoja. Hiki cha kulia kashona nani?"

Zulfiye akinyamaza, mumewe atafukuzwa kama mlaghai. Akisema, mzee wa watu atasikia mbele ya soko zima kwamba mkono wake ulizeeka zamani. Akapiga hatua moja mbele.

Vehbi akamwahi. "Mke wangu," alisema. "Kibovu ni changu. Kizuri ni chake, na vyote vizuri mlivyonunua kwangu miaka hii miwili ni vyake. Macho yangu yamekufa, vidole havijafa. Mimi hushona mishono minane, yeye palepale anashona kumi na mmoja, kama marehemu baba yake. Nimejua tangu siku ya kwanza."

Zulfiye akasahau shela. "Ulijua, ukaniacha nijifungie ndani kila siku kama mwizi?"

"Niliogopa nikisema utaacha," Vehbi akajibu. "Hata kuswali nilikuwa nakawia makusudi, ili umalize."

Hata Fidan alicheka, na kidole chake kile. Rasim hakucheka, maana sheria ni msumeno. Alishauriana na wazee wa chama, kisha akahukumu. Vehbi, maadamu amekiri mwenyewe, abaki na mshipi wake. Fidan ashonewe viatu vingine bure. Kiatu kibovu kitupwe paani. Na kwa kuwa mnunuzi ana haki ya kujua amevaa kazi ya nani, Zulfiye ashone soli mbele ya mafundi, na akifaulu apewe alama yake, iwekwe kando ya ile ya mumewe.

Rasim akakichukua kile kiatu kibovu, lakini mkono ukakataa kuinuka. Vehbi akampokonya. "Lete hapa. Sheria hii nimeiapia kabla hujazaliwa."

Akakirusha kwa nguvu zake zote, kikatua juu ya paa la Bekir, mfua shaba wa jirani. Bekir akatoka na nyundo mkononi, akatazama juu, akawatazama wazee.

"Jamani," akasema, "mimi nauza masufuria."

Ngazi ililetwa, kiatu kikateremshwa. Zulfiye akamwendea mumewe, akamrudishia kiatu mkononi, akamshika mabega na kumgeuza taratibu kuelekea dukani kwake. "Mbele yako," akamnong'oneza. "Juu kidogo." Safari hii kilifika.

Kufikia majira ya machipuko, kila soli iliyotoka duka lile ilikuwa na komamanga na sindano ndogo, alama ya Zulfiye, ubavuni mwake, na Fidan alikuwa wa kwanza kuvaa viatu hivyo. Kile kiatu kilibaki paani. Wageni wakikiona walisita mlangoni, na Bekir, bila kuacha kugonga shaba yake, aliwaambia waingie tu, kwani kile ndicho cha mwisho mzee alichokishona peke yake.