Upana wa Boti Moja

Tai wa chuma, mla samaki, alimtoa fundi Laban jasho, lakini mwishowe alikubali kuumbika. Alimkata kutoka kwa pipa kuukuu la mafuta, akamchomelea manyoya moja moja, akampandisha juu ya mlango wa hospitali mpya, na watu wakaanza kumpiga picha kabla rangi haijakauka. Hata korongo, aliyemsumbua kwa miguu yake wiki nzima, hatimaye alisimama. Kilichobaki kilikuwa ukuta wa wodi ya akina mama, na kwenye mchoro ukuta huo ulijaa magugu maji yaliyochanua.

"Ni maua ya ziwa," alisema Bi Maximilla, msimamizi wa jengo, ambaye ziwa alilijua kupitia dirisha la ofisi. "Rangi ya zambarau inatuliza mgonjwa."

Imtulize nani? Laban alitamani kukataa, lakini angeulizwa sababu, na sababu yenyewe alikuwa ameificha miaka sita.

Wakati huo alikuwa mvuvi wa ufuo wa Dunga pamoja na kaka yake, Obiero. Asubuhi moja upepo uligeuka, magugu maji yakawafungia katikati ya ghuba, yakakazana hata kasia halikupenya. Walikwama siku mbili, mji wakiuona kwa macho. Obiero alishikwa na tumbo, akafia ndani ya boti. Laban aliwaambia watu wote kwamba maumivu yalianza wakiwa wamekwama. Ulikuwa uongo mtupu. Obiero alilalamika mapema, njia ikiwa bado wazi, akaomba warudi. Laban akamjibu, "Ngoja tutoe nyavu zote kwanza."

Uongo huo alimwambia pia Seline, mjane wa Obiero. Na Seline huyohuyo, aliyekuwa ameacha biashara ya samaki, sasa aliuza chai na nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa, langoni mwa hospitali. Kila saa nne alimletea shemeji yake sahani ya nyoyo, akasimama chini ya jukwaa lake la kazi mpaka amalize. Laban alikula akitazama sahani. Angekimbilia wapi?

Alianza kazi kwenye kingo za ukuta, kushoto na kulia, akija katikati. Kila jani alilochomelea lilimsogelea. Akawa anashuka kila mara kuvuta pumzi, vibarua wakimtania kwamba uzee umemfikia kwa bodaboda. Kufikia Alhamisi ukuta ulikuwa umejaa, isipokuwa pengo moja katikati, upana wa boti moja. Mkono wake ulikataa kabisa kuliziba.

"Fundi, hapa umesahau," alisema Bi Maximilla akipita. "Kesho asubuhi nataka kumejaa."

Seline alikuwa amefika na sahani, na alisikia.

"Baba Akello, kwani hiyo nafasi iko na shida gani?" aliuliza, akimwita Laban kwa jina la mwanawe.

"Siwezi kujaza hapo."

"Kwa nini?"

Laban alishuka. Alivua miwani yake myeusi ya kazi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akamtazama shemeji yake machoni.

"Obiero aliniambia turudi. Maji ilikuwa bado wazi. Mimi nikakataa, nikataka nyavu yote."

Alingoja kofi. Angelishukuru. Lakini Seline aliiweka sahani juu ya pipa, polepole, akapangusa mikono kwenye leso.

"Nilijua," alisema. "Boti ilivutwa mpaka Dunga, nyavu zote saba ziko ndani, hakuna iliyoachwa majini. Na Obiero alitoka kwa nyumba tumbo ikimuuma, akaniambia ataomba mrudi mapema. Mimi nilikuwa muuza samaki, Laban. Ningekosa kujua?"

"Miaka sita unajua? Na unaniletea chakula?"

Seline aliogopa, na Laban aliuona woga huo vizuri kwa sababu ulifanana na wake mwenyewe.

"Siku hiyo Obiero alitaka kulala," alisema. "Ni mimi nilimwambia aende. Nilisema watoto hawana mboga." Machozi yakamshinda. "Yawa, jamani, nilikuwa nangoja wewe useme kwanza, ndio na mimi niseme."

Nyoyo ilipoa juu ya pipa. Kisha Laban akapanda jukwaa, akamnyooshea Seline mkono, naye akapanda.

"Shika hapa," alimwambia, akimpa jani la kwanza la kujaza pengo. "Na ugeuze uso, hii mwangaza ya kuchomelea itakuumiza macho."